Bastola Iliyomkataa Naelijwa

Ndugu zangu, hebu tuteremke pamoja mpaka kwenye tambarare zilizo chini ya milima ya Upare, kwenye kambi moja ya askari wa wanyamapori. Kambini hapo palikuwa na askari mwanamke. Nitampa jina, nitamwita Naelijwa, maana mtu aliyeteseka kama alivyoteseka huyu hafai kubaki "mwanamke mmoja" tu.

Naelijwa alikuwa mdogo wa umbo, lakini porini, jamani, hakuwa na mpinzani! Alitazama majani yaliyolala akakwambia nyati wangapi wamepita na kama walikuwa na ndama. Tembo wakiingia mashambani, ndiye aliyetangulizwa, na wanakijiji wakimwona walipumua: "Afadhali, kaja mwenyewe." Kazi ile aliipenda. Aliamka kabla ya filimbi.

Mkuu wa kambi aliliona hilo, akaamua kumheshimu. Siku ya gwaride akamwita mbele, akamkabidhi bastola aina ya rivolva. Si rivolva yoyote. Ni ile aliyoibeba mkuu mwenyewe kiunoni miaka kumi na minane.

"Hii haijawahi kunitia aibu," mkuu akasema. "Na wewe isikutie."

Kambi nzima ikapiga makofi. Naelijwa akaipokea kwa mikono miwili, moyo unamdunda. Lakini alipoishika ipasavyo, furaha ikaingia ufa. Mkuu yule alikuwa pande la mtu, kiganja chake kingefunika sahani. Na vile vibao viwili vya mti vilivyofanya mpini wa bastola vilikuwa vinene, vimechongwa kwa kiganja kile. Naelijwa akifumba mkono, vidole vyake havikukutana. Kidole cha kufyatulia kilifika kwa ncha tu, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Na risasi ikitoka, bastola ilijizungusha ikampiga teke kwenye kifundo cha dole gumba.

Sasa, kambini kulikuwa na mtihani wa shabaha. Risasi sita, hatua ishirini, nne ziingie kwenye duara. Ukianguka mara tatu, unavua sare na kurudi kwenu. Mara ya kwanza Naelijwa aliingiza moja. Mara ya pili, mbili. Akamfuata mkuu.

"Afande, bastola inanizunguka mkononi."

"Bastola hiyo naijua kuliko ninavyojua jina langu," mkuu akajibu, wala hakuwa na hasira. "Tatizo si bastola, askari. Ni mkono. Mkono wako mbovu. Zoea."

Nawauliza: ninyi mngefanyaje? Yeye alifanya tunalofanya wengi. Aliamini! Akaanza kubinya mawe kila asubuhi ili mkono upate nguvu. Akazungushia mpini mpira wa baiskeli, ukazidi kuwa mnene. Dole gumba likavimba likawa kama nyanya. Jioni akapiga magoti akaomba, na sikieni sala yenyewe: "Mungu wangu, nipe mkono mwingine."

Mungu hakumpa mkono mwingine.

Zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya mtihani wa tatu, Naelijwa akapewa likizo fupi, akapanda milimani kwa mama yake. Mama akamkabidhi jembe lililovunjika mpini. "Nipelekee kwa fundi Mshana, mwanangu, mvua hizo zinakuja." Fundi Mshana alikuwa na kibanda kando ya barabara, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, redio inaimba kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Jembe la nani hilo?"

"La mama."

"Mama yako mrefu au mfupi? Kiganja chake kinene? Ana maumivu ya mkono?"

Naelijwa akashangaa. "Kwani mpini si mpini tu, fundi?"

Mshana alicheka mpaka akaweka randa chini. "Nani kakudanganya? Chuma ni cha wote, mwanangu. Mpini una mwenyewe!"

Ndugu zangu, Naelijwa alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mpini una mwenyewe! Akalitua jembe, akatoka nje mbio, akampigia simu mtunza silaha wa kambi. Alikuwa akihema.

"Kaka, vile vibao vya mpini wa rivolva yangu, vinatoka?"

"Vinatoka. Skrubu moja tu."

"Na vingine vinaweza kuwekwa?"

"Vinaweza. Kanuni inakataza kugusa mtutu na silinda. Mpini haukukatazwa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Dada, nina miaka tisa humu ghalani. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mnaisikia hiyo? Skrubu moja! Machozi yote yale, uvimbe wote ule, skrubu moja!

Kesho yake alfajiri alikuwa kambini. Bastola ikabaki ghalani, maana sheria ni sheria. Mtunza silaha akavifungua vibao, akamchorea kwenye boksi umbo la kile chuma cha ndani, na mchana Naelijwa alikuwa amerudi kwa fundi Mshana na furushi lake. Alieleza kila kitu kwa pumzi moja. Fundi hakugusa hata msumeno. Aligeukia nyumbani kwake akaita:

"Mama watoto! Niletee ugali, mgumu, uliopoa!"

Mke wake akaja na sahani, akaona mgeni anapewa tonge kubwa na kuambiwa alibinye kwa nguvu zake zote, kama ndiyo bastola. "Hee! Ugali wangu mnaufanyia nini?" Lakini lile tonge lilipofunguliwa, palikuwa na kila kitu: pale dole gumba linapolala, pale kidole cha mwisho kinapoishia. Alama ya mkono wa Naelijwa, si wa mwingine. Hata yule mama akainama kutazama, akasahau kugomba.

Siku mbili baadaye fundi akampangia jozi tatu juu ya meza, kila moja imebandikwa kwenye ubao wenye umbo la kile chuma. Ya kwanza ni ya pembe la ng'ombe. Maridadi! Inang'aa kama kioo, mtu ungeivaa hata harusini. Naelijwa akainyakua, macho yanacheka.

"Lowesha kiganja," fundi akasema. "Porini utatoka jasho."

Akalowesha. Ule mpini ukamponyoka kama kambare.

Jozi ya pili ilikuwa ya mpira uliokatwa kwenye tairi. Laini, inapokea teke vizuri. Lakini ulikuwa mnene, na vidole havikukutana, yakawa yale yale. Ya tatu ilikuwa ya mti wa mpera. Haikung'aa. Ilikuwa nyembamba, ina bonde pale chini ya dole gumba, na mgongoni fundi ameikwaruza mistari midogo ili isiteleze. Ukiitazama ungedhani haijakamilika.

"Fumba macho," fundi akamwambia. "Usiichague kwa macho, haitashikwa na macho hiyo."

Akafumba. Akaishika. Vidole vikakutana. Wapendwa, vidole vikakutana! Naelijwa akaanza kucheka peke yake, macho bado kayafumba, na mke wa fundi naye akacheka bila kujua wanacheka nini.

Siku ya mtihani ikafika. Jua limesimama, askari wamejipanga, mkuu ana karatasi mkononi. Wengine walikuwa wameshaanza kumwonea huruma mapema, ile huruma ya mtu anayekuaga. Naelijwa akasimama kwenye mstari. Hatua ishirini, zile zile. Duara lile lile, hakuna aliyelipanua. Akainua mkono.

Ya kwanza, ndani! Ya pili, ndani! Watu wakaanza kusogea. Ya tatu, ndani, na bastola haijajizungusha, imetulia mkononi kama kifaranga. Ya nne, ndani! Hapo mtu akapiga kigelegele, na askari hawapigi vigelegele! Ya tano, ndani. Ya sita ikapita pembeni kidogo, kwa sababu machozi yalikuwa yameshajaa. Tano kati ya sita! Wakamnyanyua juu juu, kofia zikaruka.

Mkuu wa kambi hakuruka. Alinyoosha mkono. "Nipe hiyo bastola."

Akaigeuza. Akaona ule mpini wa mpera. "Umeifanya nini?"

"Nimebadili mpini tu, afande. Mtunza silaha ni shahidi."

"Pakia risasi," mkuu akasema, akaenda kwenye mstari mwenyewe. Tukumbuke kuwa huyu ndiye mlengaji bora wa kambi, miaka kumi na minane. Akainua mkono, akafyatua. Vumbi likaruka chini ya duara. Akafyatua ya pili, ikaenda kwenye nyasi. Mpini ule ulipotea katika kiganja chake, vidole vinapandana, kidole kinavuka kifyatulio. Ya tatu, ya nne, ya tano, nje. Ya sita ikagusa ukingo wa duara.

Moja kati ya sita! Naelijwa hakucheka. Alijua yale maumivu ya dole gumba.

Mkuu akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mtunza silaha, na swali alilouliza hakuna aliyelitarajia.

"Kabla ya huyu, bastola hii niliwapa wangapi?"

"Wanne, afande. Na kila mara ilirudi kiunoni kwako."

"Wako wapi?"

"Uliwaandikia barua za kuwaondoa, afande. Wote wanne. Sababu uliyoandika ni moja: mkono mbovu."

Yule mtu mkubwa akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, mbele ya askari wake.

Juma lile lile alichukua gari kwenda kuwatafuta. Wawili walikuwa wamehamia mbali, hakuna aliyejua wapi. Wa tatu alirudi kazini akilia. Wa nne alimkuta nyumbani kwake akipalilia migomba. Mkuu akavua kofia, akasema yote, akaomba msamaha, akamwambia: "Ndugu yangu, mkono wako haukuwa mbovu. Ulikuwa mpini. Rudi."

Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Afande, asante kwa kuja. Lakini umechelewa. Kwa miaka saba nimeamini. Hata mwanangu nikimfundisha baiskeli, namwita mama yake aje ashike."

Akaendelea kupalilia.

Sasa na tuongee sisi kwa sisi. Huyu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitoa kitu alichokipenda, akakitoa kwa heshima, mbele za watu. Dhambi yake ni ndogo tu, inatosha kwenye skrubu moja: alidhani kiganja chake ndicho kipimo cha mikono yote.

Na sisi je? Tulimkuta bibi harusi hapa, msichana mpole, tukamwambia, "Mama mkwe wako alifunga siku tatu kila mwezi, wewe imani yako haba." Tulimwinua baba asiyejua kusoma, tukampa asome somo mbele ya usharika, akakwama, tukacheka, hajarudi. Mama mwenye mapacha tulimwandika "mvivu wa maombi" kwa sababu hakufika kwenye sala ya alfajiri. Tumewapa mipini yetu, na walipokosa shabaha tukawaambia wana mikono mibovu!

Msinisikie vibaya. Shabaha haisogezwi. Kumpenda Mungu ni kumpenda Mungu, na uongo utabaki kuwa uongo kwa mtu mfupi na mrefu. Hatua ishirini ni ishirini. Lakini namna ya kushika, wapendwa, namna ya kushika, Mungu aliyetuumbia vidole hivi tofauti hashindwi kuipa kila mkono yake.

Leo kuna viti vitupu humu ndani, na majina ya waliokuwa wakivikalia tunayajua. Wengine wameshaanza kuamini tuliyowaambia. Kwa hiyo ibada ikiisha, tafadhali, msikimbilie chai. Mimi mchungaji wenu nimeandika majina matatu ya watu niliowaondoa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Mmoja wao anakaa nyuma ya shule. Naanza kwake leo, kwa miguu. Anayetaka kuongozana nami, anikute mlangoni.