Kofia ya Vitobo Vyekundu

Hapo zamani, si zamani ya majini na masultani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mshona kofia akiitwa Bi Zuwena. Na wewe unayetafuna muwa, acha! Hadithi kama hii hamjapata kupewa, hata ninyi mliomaliza shule.

Miguu ilipomgomea, Bi Zuwena, asiye na mtoto, akapelekwa Makao ya Wazee ya Tulizana. Jina tamu, shubiri ndani. Wahudumu walimgeuza walipokumbuka, mgongo ukaota vidonda. Kikombe cha maji walikiweka pale mkono wake usipofika. Akilalamika, msimamizi anacheka: "Bibi huyu akili zimeruka."

Bi Zuwena akashona. Alikuwa na kofia nyeupe ya vitobo vya urembo, ya mwisho, maana macho yalishaanza kumuaga. Kila siku aliyokosa maji, kitobo kimoja akakizungushia uzi mwekundu. Uzi kautoa wapi? Kwa Sudi mfagiaji, aliyefumua fulana yake ya mpira.

"Chukua, bibi. Timu yenyewe inafungwa kila wiki!"

Kofia ilipokwisha, Sudi akaivaa, akapita nayo getini mchana kweupe.

"Sudi, leo bwana harusi!" msimamizi akamsifu.

"Ahsante, bosi." Huyoo, mpaka kwa Wakili Machano, mtetezi wa wazee. Msimamizi alipojua, Sudi kazi hana.

Kesi ikafunguliwa, na mahakamani msimamizi akaapa kwamba bibi kachanganyikiwa. Wakili Machano akaiacha kofia mkobani kwanza. Akamwita Mzee Haji, aliyelala nyuma ya ukuta wa mbao wa chumba cha bibi, mzee aliyetunzwa vizuri kwa kuwa wanawe walimjia kila Ijumaa.

"Mzee wangu, siku ngapi ulimsikia akiomba maji asipewe?"

"Arobaini na moja. Nilihesabu kwa tasbihi." Akaiinua tasbihi, wote waione. "Nikanyamaza, nisije nikasahauliwa na mimi." Na alisema akijua jioni atarudi kulala palepale.

Ndipo kofia ikatoka. Hakimu akahesabu vitobo vyekundu. Akahesabu tena. Arobaini na moja!

Makao yakafungwa. Bi Zuwena akapata kitanda kwingine, dirishani, jagi la maji pale mkono unapofika. Kofia iliporudishwa, akawaita wote watatu.

"Wanangu, na wewe kaka yangu Haji, mmeninywesha maji. Ninayo kofia moja tu, na macho ya kushona nyingine sina."

"Bibi, kichwa changu imeshakizoea," akasema Sudi. "Nimeitoa mimi, kazi ikaniponyoka."

"Bila mimi ni urembo tu wa uzi," akasema Wakili. "Nani alijua lipi litangulie, hesabu au kofia?"

Mzee Haji akainama. "Mimi nilichelewa, dada. Lakini hesabu ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo."

"Siku arobaini na moja, mzee!" Sudi akamtania. "Hata kobe angeshafika!"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akawajaribisha, ikawakaa wote sawasawa. Sasa mkono wake uko juu, kofia inaning'inia, na mkono wa bibi huchoka upesi. Haya, mabingwa wa maneno: kichwa cha nani kinastahili?