Nta Chini ya Turubai

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji mmoja ukingoni mwa jangwa, aliishi mjane mchamungu akiitwa Bi Unaysa, mkuu wa wafumaji wa maturubai ya singa za mbuzi. Wafumaji hao walikuwa na desturi yao: turubai haliuzwi mpaka litandazwe juani adhuhuri, na chini yake liwekwe bonge la nta juu ya jiwe. Nta ikishika umbo lake hadi alasiri, Bi Unaysa hulipiga turubai muhuri. Ikilegea, turubai hufumuliwa, hata likiwa lake mwenyewe.

Mwaka mmoja liwali aliamrishwa kuweka kivuli kisimani, mahali mahujaji wanapongojea maji. Akaleta vitambaa vyembamba alivyovipaka rangi nyeusi vifanane na singa. Nta ikawekwa chini yake, na haikuchukua muda ikawa uji.

"Piga muhuri, bibi," akasema liwali. "Mahujaji hawapimi nta."

"Mahujaji wana vichwa, bwana, na jua litavipima. Sipigi."

Liwali akaghadhibika. Akaamuru paa la kibanda cha Bi Unaysa libomolewe, naye aketishwe juani kila adhuhuri mpaka akubali. Kuna watu, ndugu zangu, huuita woga busara. Hao walimwendea wakamwambia, "Muhuri tu, Bi Unaysa, kitu gani?"

"Basi ukateni mkono huu, mkapige nao muhuri wenyewe," akawajibu, akaendelea kuvuta uradi wake. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka.

Siku ya nne liwali akaja kumtazama, mtumishi akimshikia mwavuli. Bi Unaysa akainua macho, akaona mwavuli ule umefumwa kwa singa za mbuzi, na ukingoni una muhuri wake mwenyewe.

"Kwa ajili ya kichwa chako, bwana, ulitaka muhuri wa kweli," akasema mbele ya watu. "Njoo basi tukae sote chini ya vitambaa vyako. Ukivumilia hadi alasiri, nitavipiga muhuri."

Liwali aliona haya kukataa, akaketi. Kabla ya alasiri aliinuka akipepesuka, akaviteremsha vile vitambaa kwa mikono yake.

Muhuri ni ushahidi, enyi waja wa Mola. Anayeshuhudia uongo kumpendeza mwenye mwavuli, atajisitiri wapi siku ambayo hapana kivuli ila Chake?