Pikipiki Iliyooshwa Kila Jioni

Akina mama wenzangu, pale kwenye mashamba ya chumvi pikipiki huzeeka ghafla, kama mtu aliyefiwa. Leo ni mpya, mwezi wa pili ina kutu mpaka kwenye tundu la ufunguo. Ni ile njia. Inapita juu ya tuta la udongo, kulia bwawa la maji ya bahari, kushoto bwawa, na bamvua likipanda maji yanalifunika tuta lenyewe, mwenye pikipiki hana pa kukwepea, anapita tu humo humo, na jioni anarudi nyumbani pikipiki imekuwa nyeupe kama andazi lililonyunyiziwa sukari.

Sasa huko kulikuwa na mama mmoja kijana, wakimwita Mama Dama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, wa miezi minane. Mumewe alikuwa wa bodaboda, akiwapeleka vibarua mabwawani na kuwarudisha. Na huyu mama alikuwa na hofu. Hofu hasa. Mwenzake na mumewe pale stejini cheni ilimkatikia katikati ya tuta, akaanguka, mguu ukavunjika mara mbili. Tangu siku hiyo Mama Dama akisikia pikipiki yoyote barabarani anaacha alichoshika, anabana pumzi, mpaka ajue inakata kona ya kwao au inapita zake.

Kila asubuhi alimuaga mumewe kwa maneno yale yale. Aendeshe polepole. Amkumbuke yule aliyevunjika. Yeye anamjua, akili yake yote iko kwa abiria, na akifa je, ataenda wapi na kitoto hiki, hebu amwambie, ataenda wapi? Mume anawasha, anaondoka na maneno hayo mgongoni kama gunia.

Na jioni, kabla hata mume hajaosha uso, yeye anaosha pikipiki. Ndoo tatu za kisimani, sabuni ya unga, mswaki mkuukuu wa kuingia kwenye spoki, kipande cha kanga cha kufutia. Moyoni alisema, huyu ndiye anayenibebea mume wangu, basi na mimi nitambeba. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Mmoja alipita akamuuliza, "Mama Dama, huyo ni mtoto wa pili au ni mke mwenzio?" Naye akajibu, huku anasugua, kwamba mke mwenza angekuwa na adabu ya kujiosha mwenyewe.

Ndani kulikuwa na madumu mawili ya maji matamu, yaliyokuja kwa mkokoteni wa punda kutoka barabara kuu. Hayo hayaguswi. Ni ya mtoto na ya chai. Je, ni mama gani kati yetu angechukua maji ya mtoto akamwagie chuma?

Basi ikafika Jumamosi moja, wanataka kumpeleka Dama kwa bibi yake, ng'ambo ya daraja, wote watatu juu ya pikipiki hiyo hiyo. Mama amejifunga mtoto mgongoni, anainua mguu apande, akasikia chini ya kiti mlio mdogo, kama mlango unaofunguliwa na mwizi. Akashusha mguu. Akasema hapandi. Mume akamwambia pikipiki hii inang'aa kuliko sahani zake, watu stejini wanajitazamia ndevu humu, ameingiwa na nini tena? Hapandi. Akambembeleza, akamtania, akanuna kidogo. Hapandi, na mtoto hapandi. Ikabidi waikokote mpaka kwa fundi.

Fundi Mwaro alikuwa mtu wa maneno machache. Aliisifu kwanza, akasema hajaona spoki safi namna hii. Kisha akafungua kiti, akafungua vifuniko vya ubavuni, akalala chali chini yake na bisibisi. Akagonga hapa, akagonga pale. Mahali pa tatu bisibisi ikazama kwenye fremu kama kisu kwenye papai.

Mama Dama akakaza kanga ya mtoto mgongoni.

"Mngefika darajani," fundi akasema, "sidhani mngefika ng'ambo." Akatoka chini, akajifuta mikono. "Nani huiosha?"

Mume alimwona mkewe ameanza kuinamisha kichwa. Akasema haraka, "Mimi."

"Kwa maji gani?"

Hapo akakwama, maskini, kwa sababu hakujua. Akasema maji tu. Ikabidi Mama Dama aseme mwenyewe, ni yeye, na ni ya kisimani.

"Hayo ya kisimani unapikia maharagwe?"

"Hayaivi," akasema, na akajisikia anavyosema.

Fundi hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba chumvi ya tuta ingetoka kwa majagi mawili ya maji matamu, halafu akaushe, halafu apake oili chini, kule kusikoonekana na mtu. Lakini ndoo tatu za kisima cha chumvi, kila jioni, kwa mkono wenye bidii namna hii, zimeingia mpaka kwenye viungo. Kwamba wale wa bodaboda wasioosha kabisa, fremu zao bado nzima.

Wakaiacha pikipiki ichomelewe, wakarudi kwa miguu. Mama Dama analia, anasema basi ni mimi, niliyeogopa usife ndiye niliyekuwa nakuua, na wewe unasema ni wewe umeosha, ungesingiziwa bure. Mume alimchukua mtoto akampandisha mabegani. Akatembea kidogo. Akasema kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba:

"Na ile ya asubuhi pia, Mama Dama."

"Ipi ya asubuhi?"

"Maneno yako. Nikifika katikati ya tuta nayasikia. Nashika breki mahali pasipotaka breki. Najua unanipenda. Lakini naendesha na hofu yangu, na yako imekaa nyuma kama abiria."

Ndugu zangu, hilo lilimwingia kuliko bisibisi. Jumatatu pikipiki imerudi, mume amewasha, na mama amesimama mlangoni, mdomo umejaa maneno. Mwoga haponi kwa siku mbili. Akayameza yote. Akamnyoosha kola, akasema, "Nenda, baba. Mungu amekwisha fika kwenye tuta kabla yako." Akaingia ndani akalilia kwenye unga wa chapati, ni sawa, lakini mume aliondoka mwepesi.

Sasa sisi. Sisi hatukosi bidii, nani atatusema kwa bidii? Sare za watoto wetu zimepigwa pasi, waume zetu wametoka wamekula. Tunawasugua watu wetu asubuhi na jioni. Lakini tunawasugua kwa maji gani? Mtoto amekosea hesabu, tunammwagia hofu yetu ya kwamba atakuwa si kitu. Mume amechelewa, tunammwagia uchungu tuliorithi kwa mama zetu. Halafu tunasema, lakini ni mapenzi! Ndiyo, ni mapenzi. Hata Mama Dama alipenda, na fremu ikaoza.

Na yale maji matamu tunayo. Neno la shukrani, dua fupi, kicheko, tumeyafungia ndani tukingoja wageni na sikukuu. Mungu hakutupa tuyawekee kifuniko. Kwa hiyo kesho alfajiri, mtu wako akiwa mlangoni, na wewe umeinua ndoo yako tayari, ngoja kidogo. Chovya kidole. Onja kwanza.