Daraja la Kura Mia Tisa

Kwa miaka kumi ya ubunge wake, Mheshimiwa Ngalapi hakuwahi kukanyaga Kitopeni. Kampeni zilipoanza, akavushwa mto mgongoni mwa mlinzi wake, akakuta kijiji kizima kimevaa fulana alizowatumia, zenye sura yake, kinaimba jina lake hadi sauti zinakauka.

“Hapa nina kura ngapi?” akamuuliza Bi Sikujua, muuza vitumbua aliyeongoza nyimbo.

“Wapiga kura tuko mia tisa, Mheshimiwa. Lakini kituo kiko ng’ambo, na siku ya kura mto utakuwa umefurika. Nani atavuka?”

Mheshimiwa akapiga simu papo hapo, akaagiza daraja. Mwezi haukuisha, daraja la chuma likasimama, na siku ya uchaguzi wote mia tisa wakavuka wakiimba.

Akapata kura sita.

Kesho yake alivuka daraja kwa gari lake, mbio, akafunga breki mbele ya jiko la Bi Sikujua.

“Mmenichezea shere! Daraja langu nalibomoa leo hii hii!”

“Bomoa tu, Bwana Ngalapi,” akasema Bi Sikujua, akigeuza kitumbua. “Ila gari lako liko huku kwetu.”