Sindano Ilipokuwa Haina Tundu

Zamani, kabla hamjazoea kununua sindano dukani zikiwa zimechomekwa kwenye karatasi, sindano haikuwa na tundu. Msicheke. Hata jina la sindano halikuwepo. Watu walishona kwa msharasi, kijiti chembamba chenye ncha, na kazi ya msharasi ilikuwa moja tu, kutoboa. Mshonaji alitoboa ngozi, akauweka msharasi chini, akalamba ncha ya uzi, kisha akaanza kuusukuma uzi huo shimoni kwa vidole. Uzi ukikataa, unalambwa tena. Kushona vazi moja kulimaliza mate ya mtu pamoja na subira yake, na wengi waliona heri wajifunge ngozi nzima kiunoni mambo yaishe.

Misharasi iliyosifiwa kuliko yote ilitoka kwenye vilima vilivyo mashariki ya nyika kavu, kwa mwanamke aliyeitwa Mkamburi. Huko, kila mvua kubwa ilipopita, kingo za mto zilimeguka, na ndani ya udongo zikaonekana pembe za tembo waliokufa kabla hajazaliwa mtu yeyote anayekumbukwa. Watu waliziita pembe zilizolala. Hazikuwa nyeupe kama pembe ya mnyama wa jana. Zilikuwa zimekunywa udongo mpaka zikawa na rangi ya asali, nyingine za kahawia, na mojamoja ilikuwa na mstari wa buluu ambao hakuna aliyeweza kueleza ulitoka wapi. Mkamburi alikata bangili kwenye shina la pembe, pale penye uwazi, akachonga pete na vipini vya nywele, na vipande vyembamba vilivyobaki akavifanya misharasi. Kisha vyote vilisuguliwa kwa mchanga, halafu kwa jani la msasa, halafu kwa majivu na mafuta, mpaka mtu akikishika kitu hataki kukiweka chini.

Kazi ya kusugua ilikuwa ya binti yake wa pekee, Mshai. Walikaa wameelekeana, magoti yakikaribia kugusana, mama akichonga na binti akisugua, na siku ikapita wakiwa wamezungumza kidogo sana, kwa sababu watu wanaopendana hivyo hawana haja ya kuambiana kila kitu. Mwiko wa kazi ile ulikuwa mmoja. Pembe iliyolala haitobolewi. Ina nyuzi ndani yake kama ukuni, na imekauka miaka isiyo na idadi. Ukiipekecha tundu, hasa ikiwa nyembamba, inapasuka kutoka juu hadi chini na haiungiki.

"Hii imekufa mara moja," Mkamburi alimwambia binti yake. "Usiiue mara ya pili."

Basi akaja Mwakio, kijana wa nchi ya chumvi, ng'ambo ya nyika. Alikuja na wabeba chumvi, akamwona Mshai, na mwaka uliofuata akaja tena akiwa hana hata chumvi ya kuuza. Mshai alimpenda. Mama yake naye alimpenda, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu hakukuwa na wa kulaumiwa. Ile nyika ilikuwa haina maji. Wabeba chumvi peke yao ndio walioivuka, kwa kundi, mara moja kwa mwaka mvua zilipokwisha na madimbwi yangali na maji. Kila mtu alijua kwamba binti akienda huko, amekwenda.

Asubuhi ya kuondoka, Mkamburi alimpa msharasi wake mwenyewe, ule alioutumia tangu usichana. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya asali, urefu wake kama kidole cha kati, na ubavuni ulikuwa umelika kidogo pale dole gumba lilipokuwa likikaa miaka yote. Mshai akaweka dole lake pale. Likakaa.

"Na wewe, mama, utashonea nini?"

"Nitachonga mwingine. Huo nenda nao, utakukumbusha kukaa wima unaposhona."

Hayo ndiyo waliyoagana nayo. Kuna watu hujiandaa maneno ya kuagana siku nyingi, halafu saa ikifika wanazungumzia mgongo.

Nchi ya chumvi haikuwa mbaya. Mwakio alikuwa mpole, na mama mkwe alimpokea Mshai kwa mikono miwili. Lakini nyumba ile ilikuwa na desturi kwamba mali ya bibi harusi ni mali ya nyumba. Pembe zilizolala hazikuwepo huko, watu walitobolea miiba na vipande vya mifupa, kwa hiyo msharasi ule ukawa hautulii. Wifi yake, Wakesho, aliuazima kutobolea vibuyu. Jirani aliuazima kutolea mwiba kisiginoni. Siku moja Mshai alimkuta baba mkwe akichokolea meno, akarudi jikoni, maana baba mkwe haambiwi. Kila ulipokuwa mikononi mwa watu yeye alikaa na mikono mitupu akiangalia mlangoni. Uliporudi aliufuta, akaweka dole gumba mahali pake, na hapo tu ndipo alipopumua.

Halafu ukapotea. Kila aliyeulizwa alisema alimpa mwingine. Mshai alichekecha majivu ya jikoni, akatikisa mikeka, akaingia zizini akapangua samadi kwa vidole, na akaukuta chini ya kwato za mbuzi, mzima. Alikaa palepale zizini akalia mpaka mama mkwe akaja kuangalia kuna nini.

"Mwanangu, unalilia kijiti?"

"Silii kijiti, mama. Hapa ndipo dole la mama yangu linapokaa. Sina pengine pa kumshika."

Mama mkwe akautazama ule msharasi. Desturi hakuiweka yeye na hakuweza kuiondoa. Lakini alikuwa mwanamke mwenye akili, akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Katika nyumba hii huombwa kitu kilichowekwa. Kilichovaliwa mwilini hakiombwi." Kisha akaondoka kwenda kukamua mbuzi.

Mshai alielewa. Msharasi ukiwa pambo, utakuwa wake. Alijaribu kuufunga kwa uzi wa katani auvae shingoni, lakini ulikuwa umesuguliwa mno, tena umechongoka, ukachomoka. Alifunga kwa namna nyingine, ukachomoka tena. Njia iliyobaki ilikuwa kuutoboa, na kuutoboa ndiko alikokatazwa tangu utotoni. Akiuacha, watu wataupoteza siku moja. Akiutoboa, huenda akaupasua kwa mkono wake. Siku kadhaa alipika chakula bila chumvi, katika nchi ya chumvi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mwishowe aliufukia kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa chini ya mtungi wa maji. Aliwaza kwamba kama udongo ndio uliouzoea, basi urudi ukalale kidogo, unywe, ulainike. Alipoufukua ulikuwa wa baridi na mzito kidogo. Akachukua ncha ya mshale wa mumewe, akaitia kwenye kijiti cha kupekechea, akakaa kivulini na kuanza kupekecha kwenye kichwa cha msharasi, upande usio na ncha, polepole, akidondosha maji.

Mwakio alichuchumaa karibu. "Nikushikie?"

"Usishike. Ukipasuka nataka niwe nimeupasua mimi."

Tundu lilipokaribia kutokea upande wa pili, msharasi ulilia, sauti ndogo kama ya ukucha unaokatika. Ufa mwembamba ukatoka tunduni ukaanza kushuka. Mshai akasimamisha mkono. Ufa ulishuka kiasi cha punje ya ulezi, ukasimama. Alingoja. Haukuendelea. Alipekecha mara ya mwisho, tundu likatokea, akapitisha uzi na kuuvaa. Jioni wifi yake aliuona ukining'inia kifuani, akacheka, akasema, "Wifi, umetuweza." Kuanzia hapo hakuna aliyeuomba.

Alipotaka kushona aliufungua uzi shingoni, akauchomoa msharasi, akatoboa na kusukuma uzi kwa vidole kama watu wote. Hakuwaza jambo lingine. Lile tundu lilikuwa la kuvalia.

Baadaye akapata mimba. Kwao vilimani, mbeleko ya mtoto wa kwanza hushonwa na mama wa mzazi. Hilo halina mbadala. Mtoto akibebwa kwenye mbeleko iliyoshonwa na mwingine, wanawake hunong'ona kwamba hana bibi. Mshai alituma habari kwa mama yake kupitia mzee Righa, kiongozi wa wabeba chumvi, na kwa miezi yote iliyofuata alikuwa akihesabia kwamba mama yake atakuja na kundi, au walau mbeleko itakuja. Kundi likarudi. Mzee Righa alikuwa mikono mitupu.

"Mama yako haoni tena, binti," akasema. "Anatambua mwanga na kivuli, basi. Njia ile hawezi. Amesema ushone mwenyewe, na umsamehe."

Mshai akaingia ndani akachukua ngozi laini ya mwanambuzi aliyokuwa ameiweka kwa ajili hiyo. Alifungua fundo shingoni, na kwa kuwa macho yalimjaa machozi, na moyo ulikuwa umekasirika, ukikasirikia nyika na chumvi na kila kilichokuwa katikati yake na mama yake, hakuchomoa uzi tunduni. Alikandamiza msharasi kwenye ngozi kwa nguvu zote. Ulipenya wote. Akauvuta kwa upande wa pili ili autoe, na uzi ukaufuata.

Aliutazama muda mrefu. Akatoboa tena, akavuta, uzi ukafuata tena. Hakukuwa na kulamba wala kusukuma. Msharasi ulipopita, uzi nao ulipita, ukaziba shimo lilelile. Alishona mbeleko yote kwa siku moja, na mama mkwe alipokuja kuipapasa akaita majirani.

Lakini Mshai hakutaka majirani. Alitaka mama yake ajue. Akakata ukanda wa ngozi, akaushona nusu kwa mshono huo mpya, na mwishoni hakufunga fundo. Aliuacha uzi ukining'inia, akaukabidhi kwa mzee Righa na kumweleza habari ya udongo uliolowa, neno kwa neno.

Mkamburi alipokea ukanda kwa mikono, akaupapasa mshono kutoka mwanzo. Vidole vyake vilijua ngozi iliyotobolewa na uzi uliosukumwa. Mshono huu haukuwa hivyo. Kila shimo lilikuwa limejaa uzi wake barabara. Alirudi mwanzo akapapasa tena.

"Ameutoboa," akasema.

Mzee Righa akatazama pembeni, maana mwiko aliujua hata yeye.

"Ulipasuka?"

"Kidogo tu, mama. Kisha ukasimama."

Mkamburi akacheka. Majirani zake walisema hawakuwa wamesikia kicheko chake tangu binti alipoondoka. Akaomba aletewe udongo uliolowa, akaufukia msharasi wake mpya, na ulipokuwa tayari akaupekecha tundu bila macho, kwa vidole na masikio tu. Kisha akautafuta ule uzi uliokuwa ukining'inia, akaupitisha tunduni, akaendelea kushona kuanzia pale binti yake alipoachia. Naye hakufunga fundo.

Ndivyo walivyoishi. Mwaka kwa mwaka ukanda ulivuka nyika ndani ya mzigo wa chumvi, ukaenda na kurudi, kila mmoja akiunga ngozi yake na uzi wake. Mshono wa mama ulikuwa ukilala upande kidogo, kwa sababu hakuona, na Mshai hakuwahi kuunyoosha. Ukanda ulipofika aliutandaza mapajani akafuata mshono ule kwa dole gumba, polepole, ili usiishe upesi. Watoto wake walijifunza kutomsemesha siku hiyo. Na wanawake wa ng'ambo zote mbili, kwa kuona, wakatoboa misharasi yao, wenye ya pembe wakatoboa ya pembe na wenye ya mfupa wakatoboa ya mfupa.

Mama na binti hawakuonana tena. Ningependa kuwaambia kwamba walionana, lakini hawakuonana.

Ulifika mwaka ambao mzee Righa aliutoa ukanda mzigoni akasimama nao, akikohoakohoa. Mshai aliupokea. Mshono wa mama yake ulikuwa mfupi safari ile, wa kulala sana, na mwisho wake hapakuwa na uzi unaoning'inia. Palikuwa na fundo. Lilikuwa fundo la mama yake mwenyewe, lile la kuzungusha mara mbili na kukaza kwa ukucha, alilokuwa akiliona tangu alipokuwa akisugua misharasi magotini pake.

"Binti," mzee Righa akaanza.

"Usiseme," Mshai akamwambia. "Ameshaniambia."

Na tangu enzi hizo sindano ina tundu, na haiendi mahali ila imevuta uzi nyuma yake. Siku hizi ni ya chuma, na pembe zilizolala tumeziacha zilale. Lakini mtazameni mtu yeyote anayeshona kwa mkono. Akifika mwisho wa kazi, uzi ukiwa umebaki kidogo, husita kabla ya kufunga fundo. Mkimwuliza, atawaambia anaangalia kama mshono umenyooka.