Wamiliki Wote wa Shamba la Haugli

Hapo zamani, katika nchi ya Norwei, ambako theluji hukaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga, palikuwa na fukara jina lake Sivert. Hakuwa na kitu ila shamba la Haugli, na humo aliishi na baba yake na babu yake, wazee wasioacha kunung'unika.

Liwali wa nchi ile akalitamani shamba. Basi akamwita Sivert barazani, akamwambia, "Nitajie wote waliolimiliki, tangu aliyekata mti wa kwanza. Ukimsahau mmoja, shamba ni langu."

Sivert akaanza kuwataja: baba, babu, mjane aliyezika waume wanne, kasisi mlevi. Alipofika wa tisa, ulimi ukamganda. Liwali mwenyewe hakumjua babu wa babu yake, lakini nani angethubutu kumwuliza?

"Umeshindwa!" Liwali akapiga makofi. "Karani, andika: Haugli ni yangu, pamoja na desturi zake zote, kama walivyolishika waliotangulia." Akatia muhuri.

Njiani Sivert alikuwa karibu kulia, maana wazee wale atawalaza wapi? Kisha akasimama, akayapima upya maneno ya Liwali, akacheka peke yake.

Asubuhi yake Liwali alikuwa akila na wageni, miongoni mwao hakimu wa mfalme. Mara akaingia Sivert, amembeba babu mgongoni, na baba nyuma yao na godoro kichwani.

"Wendawazimu gani huu?"

"Ni desturi ya Haugli, bwana wangu, uliyoitia muhuri jana. Mwenye kulipokea shamba huwatunza waliolishika kabla yake hadi wafe: kitanda karibu na moto, uji wa maziwa, na kukandwa miguu kwa mkono wake mwenyewe. Tuko watatu. Babu hukandwa kabla ya chakula."

Babu akavua soksi, akaupandisha mguu mezani. Wageni wakashika mbavu.

"Muhuri ni wako, Liwali," akasema hakimu, akijikaza asicheke.

Basi Liwali akakanda. Ikawa siku tatu anakanda, na babu anamkemea kuwa ana mikono baridi. Siku ya nne akaandika hati ya kulirudisha shamba, akamtupia Sivert.

Sivert akainama kwa adabu. "Ahsante, bwana wangu. Nami leo nimelipokea kutoka kwako, kwa hiyo kitanda chako ki tayari kando ya moto. Ila utalala na babu."