Safari ya Sultani Kukivuka Kisiwa cha Kizimbwe

Hapo zamani za masultani wenye nchi nyingi na kazi chache, palikuwa na kisiwa kiitwacho Kizimbwe, nacho kilikuwa kidogo hata mtu akipiga chafya kaskazini, watu wa kusini humwombea afya. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Sultani Badawi wa bara, na Sultani huyo alikuwa ameamuru kwamba kila nchi iliyo chini yake iwe na serikali kamili, isipungue cheo hata kimoja.

Basi Mwana Shufaa, bibi aliyekitawala Kizimbwe, akagawa vyeo mpaka watu wakamwishia. Palikuwa na Waziri wa Mito, ingawa mto haukuwapo, na Waziri wa Milima, ambaye alipewa kichuguu kimoja akilinde. Amiri jeshi alikuwa ajuza aitwaye Bi Mize, na jeshi lilikuwa yeye huyohuyo. Mali ya nchi ilikuwa makumbi ya nazi, yakisokotwa kamba na kuuzwa bara, na msokotaji ndiye Waziri wa Biashara. Aliyebaki bila cheo ni mtu mmoja tu, jina lake Machano, fukara wa kutupwa, tena mwenye maneno. Huyo ndiye aliyekuwa raia. Kila alipoamka alikuta mawaziri wamempangia amri, nazo zinapingana.

Ikawa siku moja Sultani Badawi aliitandaza ramani ya milki yake, akaona kitone baharini, akakikwangua kwa ukucha akidhani ni chembe ya haluwa. Kitone kikagoma kutoka. Alipoambiwa kwamba ile ndiyo Kizimbwe, alighadhibika kwa kuwa amejiumiza ukucha bure, akatuma mjumbe na maneno haya: "Mimi sitaki kutawala makombo. Nitakuja mwenyewe, nitashuka mashariki jua likichomoza, nami nitatembea kuelekea magharibi kwa miguu yangu, bila kuzunguka wala kurudi nyuma. Jua likichwa kabla sijafika ng'ambo, nitakiri kwamba hiyo ni nchi. Nikifika mapema, kisiwa chote kitakuwa zizi la mbuzi wangu, na ninyi mtahamia bara mkanilimie."

Mwana Shufaa akalia mbele ya watu wala hakuona haya, maana wazazi wake na watoto wake wawili wamezikwa pale, na mbuzi hawajui kaburi. Kutoka mashariki hadi magharibi mtu alitembea kwa muda wa kuchemsha muhogo, tena muhogo mchanga. Baraza likakaa. Waziri wa Milima akashauri kisiwa kivutwe. Amiri jeshi akauliza kivutwe na nani, nalo jeshi lina kiuno kibovu.

Hapo Machano, aliyekuwa ameitwa ili apatikane wa kulaumiwa, akasema, "Mwana, usilie. Waambie watu wako wakae vizingitini mwao, wapike kahawa, na washike sheria ya Sultani. Mengine niachieni mimi."

Sheria yenyewe Sultani aliitoa siku aliyotawazwa: kila atakayekutana naye amwamkie, kisha amwulize hali za jamaa zake wote, mmoja mmoja, na asiyefanya hivyo achapwe viboko. Huko mjini kwake watu waliitimiza mbio mbio wakiwa wameinama, wala hakuna aliyengoja jibu. Lakini watu wa Kizimbwe wana desturi yao. Kwao salamu isiyojibiwa haijaisha, na mgeni hapiti mlango bila kunywa kahawa.

Basi Sultani akashuka pwani jua likichomoza, amejifunga kibwebwe, akakiona kisiwa chote kwa mtupo mmoja wa jicho, akacheka. Machano akatangulia kumwongoza. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Waziri wa Mito, naye akamwamkia, akamketisha, akaanza na mke mkubwa. Sultani akajibu kwamba wote hawajambo. Waziri akamshukuru Mungu kwa ajili ya wote, kisha akauliza tena, huyo mke mkubwa je? Akamaliza wake, akaingia kwa watoto, akapanda kwa wajomba, akashuka kwa mashemeji. Alipomaliza binadamu akamwulizia farasi, na kila jibu lilikuwa na kikombe chake cha kahawa.

Walipotoka hapo jua lilikuwa utosini. Mlango wa pili ulikuwa wa Waziri wa Biashara, mtu mwenye kigugumizi. Sultani akataka kuupita.

"Pita, bwana," akasema Machano kwa adabu. "Ila mtu huyu itabidi achapwe kwa kuwa hakukusalimu, na aliyemzuia asikusalimu ni wewe. Sasa sheria yako imevunjwa na nani, nami nimshike nani?"

Sultani akaketi. Mashemeji peke yao walikula muda wa kutosha kusokota kamba ya nanga.

Jua lilikuwa linainama walipofika mlango wa tatu, kwa Bi Mize. Ajuza yule hakuanza na wake wala farasi. Akammiminia kahawa, akamwuliza, "Mama yako hajambo, mwanangu?"

"Hajambo," akajibu Sultani, kama alivyojibu milango yote.

"Mara ya mwisho ulipomwona alikuwaje?"

Bi Mize akangoja. Kahawa ikapoa. Mawaziri wakaja mmoja mmoja kusikiliza, kwa maana kisiwani mle hapakuwa na jambo jingine la kufanya.

Mwishowe Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Sijui, bibi. Tangu nikae katika kiti cha enzi sijafika kwake, na nyumba yake iko nyuma ya ngome yangu."

Jua likachwa. Ng'ambo ya kisiwa ilikuwa pale pale, angeweza kuirushia kiatu. Sultani akaitazama, akawatazama wale watu wote waliokuwa wakimngoja, aibu ikamshika, na baada ya aibu kikamjia kicheko hata machozi yakamtoka. Akasema, "Hii ni nchi, tena ni nchi ndefu kupita zote nilizo nazo. Mbuzi wangu watakaa kwangu." Akavua joho lake akamvika Machano, nalo lilimzidi, likaburuzika mchangani. Kisha akaamuru chombo kitwekwe tanga saa ile ile, asingoje alfajiri.

Bi Mize akamsindikiza mpaka majini, akamwambia, "Msalimie sana mama yako. Halafu ungoje akujibu."

Nami hapo ndipo nilipotua mzigo wa hekaya yangu. Mwenye mama na aondoke akamwamkie.